Jumapili Shangazi Alipokataa Kuonja

Niliambiwa, tena si na mtu mmoja, kwamba msichana wa heshima hakanyagi mangweni. Nilikanyaga. Kila Jumapili nilikanyaga, mchana kweupe, leso zangu mbili zimepigwa pasi, uturi umenikolea, na aliyetaka kutazama nilimwachia atazame mpaka shingo imuume. Mama yangu alisema nitamtia aibu. Nikamjibu kwamba siendi kulewa, naenda kusikiliza zumari kwa dada ya mume wake mwenyewe. Jumapili iliyofuata akaanza upya.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ingali mpya. Nilifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, upande wa dobi, nikipiga pasi shuka za wageni tangu asubuhi mpaka mgongo unikate. Wenzangu wengi walikuwa wa kutoka bara, vijana wachangamfu, Kiswahili chao kimechanganyika na Kiingereza, na siku ya mapumziko wao walikwenda Ukunda, kwenye baa mpya ya barabarani. Huko kulikuwa na bia ya chupa na santuri. Walinicheka kwa kufunga safari hadi Msambweni kwenda kukaa chini ya makuti. Ati tumepata uhuru na mie bado nahangaika na mambo ya kizamani. Niliwauliza ni uhuru gani huo wa kunywa kitu kilichotiwa chupani mbali huko na watu usiowajua, na kumsikiliza mwimbaji ambaye hata ukimwambia rudia hapo, hakusikii. Wakazidi kucheka, nami nikaenda zangu.

Mangwe, kwa asiyejua, ni mahali pa kuuzia tembo la mnazi. Ya shangazi ilikuwa banda moja la makuti lisilo na kuta, katika shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe, nyuma kidogo ya soko. Viti vilikuwa magogo na vigoda. Tembo lilikaa kwenye mtungi mkubwa, na kila mtu alitiliwa lake katika kifuu cha nazi, akapewa na mrija uliozibwa nchani kwa nyuzi za kumbi ili nyuki na takataka zisipite. Na tembo lile lilikuwa hai. Mgema alipanda alfajiri, akapanda tena adhuhuri. La alfajiri lilikuwa bado tamu, la kuumulia vitumbua, lakini likifika alasiri limekwisha kukaza, linatoa povu, na ukiinamisha sikio mtungini unalisikia likichemka bila moto. Ukililaza hadi kesho ni siki. Kwa hiyo halikuwekwa. Lililogemwa leo lilinywewa leo, na likiisha watu walikwenda zao.

Mimi sikunywa. Nilikata dafu langu nikakaa karibu na wapigaji. Walikuwa watatu: wawili wa ngoma, ambao mmoja wao aligonga na upatu kwa mkono wa pili, na mpiga zumari, mzee mwembamba ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Walipiga sengenya, ngoma yetu sisi Wadigo. Yule mzee alipuliza bila kukata. Pumzi inaingia puani, nyingine inatoka mdomoni, mashavu yameumuka kama maandazi, na sauti haikatiki wala haitetereki. Tena alikuwa mtani. Akiingia mtu anayejivuna na viatu vipya, zumari ilimfuata hatua kwa hatua, akienda upesi nayo upesi, akisita nayo inasita, mpaka mwenyewe aone haya na kukaa chini, na banda zima limevunjika mbavu kwa kucheka. Hebu niambie ni santuri gani inayoweza hivyo.

Shangazi naye hakunywa. Alisali sala zake tano, alifunga Ramadhani yake na kuifunga mangwe mwezi mzima, na tembo halijapata kupita midomoni mwake. Waliomwona wa ajabu walikuwako, na wengine walimwambia usoni. Aliwaambia hesabu yake na Mungu wake wamwachie mwenyewe. Lakini kwetu kuna ada, nayo si ndogo. Anayemtilia mwenziwe tembo huonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mnywaji, ndipo ampe. Ni kumhakikishia kuwa halina sumu wala mkono wa mtu. Mume wa shangazi alipokuwa hai, ndiye aliyegema na ndiye aliyeonja. Alipofariki, akaajiriwa mgema wa kuleta vibuyu na kuondoka, na kazi ya kuonja ikamwangukia mzee wa zumari, kwa sababu yeye alifika mapema kuliko wote na kiu yake haikuwa na mfano. Alikunywa kifuu cha kwanza, akajifuta midomo, akachukua zumari yake, na hapo watu walijua biashara imefunguliwa.

Sasa sikilizeni jinsi balaa inavyoingia nyumbani. Jumapili moja mzee wa zumari hakuwako, alikuwa amekwenda kupiga kwenye harusi Jego. Siku hiyo akapita mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kinango, mtu wa makamo, mcheshi, amekwisha kuuza mbuzi zake na koo limemkauka kwa vumbi la njia nzima. Shangazi akamtilia. Hakuna aliyeonja. Yule bwana hata hakungoja, alikipokea kifuu akakimaliza, akasifu, akaomba kingine, akaaga kwa heshima na kwenda zake. Kabla wiki haijaisha tukasikia amefariki nyumbani kwake. Waliomjua walisema kifua kilikuwa kikimsumbua siku nyingi, na hata pale bandani alikohoa mpaka akashika nguzo. Lakini nani alitaka kusikia habari za kifua? Watu walikumbuka jambo moja tu, kwamba alikunywa kwa shangazi na halikuonjwa.

Neno likatoka kisimani likafika sokoni, na lilipofika sokoni lilikuwa limekwisha kuota pembe. Mara shangazi ameonekana akizungusha kifuu mara tatu kabla ya kumpa. Mara mumewe naye alikufaje? Mara ni kwa nini hanywi, mtu gani anauza chakula asichokitia kinywani? Waliosema hivyo ni watu walewale waliokunywa kwake miaka nenda miaka rudi, wakaimba, wakacheza, wakabebwa kurudishwa kwa wake zao. Nilichukizwa mno, na hata leo nikilikumbuka nachukizwa. Kwetu mjane asiye na mtoto akishaitwa mchawi, hana tena pa kukaa. Si biashara tu inayokwenda. Hasalimiwi njiani, haalikwi msibani, na siku yoyote wanaweza kuja vijana kumwondoa nyumbani mwake kwa fimbo. Shangazi alilijua hilo kuliko mimi.

Jumapili iliyofuata banda lilikuwa tupu. Tulikuwa mimi, yeye, na mzee wa zumari aliyekwisha kurudi, na mtungi mzima wa tembo ukageuka siki. Katikati ya wiki akaja mchinjaji wa sokoni, ambaye ndiye mnywaji wa miaka mingi na ndiye sauti ya wenzake. Nilikuwako, kwa maana nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa kusingizia homa. Mchinjaji alisalimia vizuri, akauliza hali, akauliza minazi, akazunguka wee, mwisho akalitoa.

"Dada, mimi sisemi kwamba ni wewe. Lakini watu wanataka kuona kwa macho yao. Jumapili uonje wewe mwenyewe mbele yetu, funda moja tu, yaishe."

"Na nisipoonja?"

"Watasema watakalosema, nami sitaweza kuwazuia."

Mzee wa zumari akadakia kwamba ataonja yeye kama siku zote. Mchinjaji akamwambia safari hii haitoshi, anayesemwa ndiye anywe. Kisha akaaga kwa adabu zote, akavaa kofia yake, akaenda. Adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nilimwambia shangazi anywe. Ndiyo, mimi niliyejitia jasiri, nilimbembeleza anywe. Funda moja, shangazi, ulitie mdomoni tu hata ukilitema baadaye. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata macho.

"Nikinywa leo kwa kuogopa kuitwa mchawi, kesho nitanywa kwa kuogopa nini?" alisema. "Mungu akiniuliza kwa nini niliuza, nitamwambia nilikuwa mjane. Akiniuliza kwa nini nilikunywa, nimwambie mchinjaji aliniamuru?"

Usingizi haukunipata vizuri siku zile, na shuka mbili za hoteli niliziunguza kwa pasi.

Jumapili ilipofika, watu walijaa kuliko siku yoyote niliyopata kuiona mangwe ile. Walikuja hata wasiokunywa. Walikuja kina mama wa sokoni wakasimama nje ya banda, mikono viunoni. Alikuwako na mjomba wa kijana aliyekuwa ameniposa, mtu mzima wa Msambweni hapohapo, amejibanza nyuma ya mnazi akidhani hatukumwona. Hakuna aliyeomba tembo. Walikaa kwenye magogo kama watu waliokuja kusikiliza kesi. Wapigaji nao walikaa mahali pao, ngoma zimekwisha kukazwa ngozi, hakuna aliyegusa kitu.

Shangazi alitoka ndani ya nyumba yake, hatua chache nyuma ya banda, na leso safi kichwani. Akachota kifuu kimoja, kikafurika povu, akakiweka juu ya kigoda katikati ya banda. Akasimama kando.

"Tembo hilo hapo, limegemwa leo," alisema. "Mimi sinywi. Hamjapata kuniona nikinywa na hamtaniona. Anayeniamini anywe. Anayeniogopa, njia aliyojia anaijua."

Hakuna aliyeinuka. Wallahi, wanaume watu wazima, wenye ndevu, walioshiba tembo la mwanamke yule, waliangalia vidole vya miguu yao. Mzee wa zumari akataka kunyanyuka, mchinjaji akamwekea mkono begani akamkalisha. Shangazi akabaki amesimama peke yake kando ya kigoda. Hapo damu ikanipanda. Sikupanga lolote, nasema kweli. Nilijikuta nimekwisha kufika kwenye kigoda, kifuu kiko mikononi mwangu, na shangazi ananiita kwa sauti ya kunikataza. Nikautupa mrija, nikanywa kwa mdomo kama wanavyokunywa wanaume wenye pupa.

Lilikuwa chachu. Liliniuma ulimi, likanipanda puani, machozi yakanitoka, na povu likanishuka kidevuni mpaka kifuani. Nilikimaliza. Nikakipindua kichwa chini wakione ni kikavu, nikamwuliza mchinjaji kama ametosheka. Akasema ni lazima kungojea, sumu nyingine haina haraka. Tungojee mpaka lini? Akatazama jua, akaonyesha mtungi. Mpaka kivuli cha paa kiufikie.

Basi tukangojea. Umati mzima ulinikodolea macho mimi, kila mtu anatafuta dalili. Nikikohoa, wanashtuka. Nikijikuna, wanatazamana. Ndipo mzee wa zumari alipokitia kinywani kipulizio kidogo cha ukuti cha zumari yake akaanza. Alianza chini, peke yake, kisha ngoma zikamdaka. Nami nikafunga leso kiunoni nikaingia uwanjani. Nilicheza sengenya kama ambavyo sijacheza kabla wala baada. Nilicheza wapate kuiona miguu yangu kwamba ni mizima, viuno vyangu ni vizima, na kama kuna sumu basi inikute nikicheza. Yule mzee hakukata pumzi. Nikigeuka, zumari inageuka nami. Jasho lilimtiririka, mishipa ya shingo ikamsimama, na kila nilipodhani sasa ataishiwa, sauti iliendelea kutoka. Mpiga ngoma mmoja alikuwa akilia huku anapiga.

Mjomba wa mchumba wangu aliondoka kabla ngoma haijaisha. Baadaye posa ilirudishwa, ati wao hawaoi mlevi. Mama yangu alilia. Mimi nilisema wasioe, na nikaendelea kupiga pasi shuka zangu. Niliolewa kwingine, na mtu aliyependa ngoma.

Kivuli kikaufikia mtungi. Nilikuwa nahema, nywele zimenifumuka, lakini nimesimama. Ngoma ikanyamaza. Nikasikia kitu kilichonichukiza kuliko minong'ono yote ya sokoni. Nilisikia wanacheka. Kicheko cha kupumua, cha watu walioondokewa na mzigo. Wakaanza kusogeza vigoda, kupigana makofi mgongoni, kuitana kwa utani wao wa zamani. Mchinjaji akanyoosha mkono, uso wake umejaa tabasamu.

"Haya, dada, yamekwisha. Tutilie."

Nilimtazama shangazi nikitaraji kuona furaha. Uso wake haukuwa na furaha hata chembe. Hakunitazama mimi, aliwatazama wao, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Akaenda kwenye mtungi. Akaushika kwa mikono miwili, mwanamke mwembamba vile, akauinamisha. Tembo lote likamwagika. Lilipita kati ya miguu ya watu, jeupe, linatoa povu, likanywewa na mchanga, na harufu yake ikajaa banda zima. Hakuna aliyethubutu kumshika.

"Mmemwamini mtoto," alisema. "Mimi hamjaniamini. Leo hapa hakuna tembo, kuna ngoma. Anayetaka kusikiliza akae. Asiyetaka, kwaherini."

Wengine waliondoka wakiguna. Kina mama wa nje wakatawanyika. Lakini wengi, na hili ndilo ambalo sikulitarajia, wengi walikaa. Pengine ni haya, pengine ni ile zumari, sijui na sijapata kuuliza. Mzee alipumzika kidogo, akaanza tena, na mchana ule ngoma ilipigwa kwa watu wakavu, wasio na hata tone la kuwachangamsha. Walicheza hivyohivyo. Jua lilikuwa kali, upepo hakuna, vumbi la miguu likapanda. Mchinjaji alicheza, akatoka akiwa amelowa jasho, akakaa gogoni anajipepea kwa kofia yake. Koo lilikuwa limemkauka, sauti haimtoki.

"Dada," alisema, "tupe basi hata maji."

Shangazi alikwenda ndani. Akarudi na kifuu cha maji, kimejaa mpaka ukingoni. Akasimama mbele yake, akamnyooshea. Hakukionja. Wala hakunipa mimi nikionje, ingawa nilikuwa nimesimama karibu naye. Ngoma ilikuwa ikiendelea, lakini waliokuwa karibu waliacha kucheza. Mchinjaji alikipokea kwa mikono miwili. Akakitazama kile kifuu. Akamtazama shangazi, naye hakupepesa. 

Akanywa. Alikunywa polepole, bila kupumzika, mpaka kifuu kikafunika uso wake wote, na alipokishusha macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ahsante kwa sauti ya chini. Shangazi akakichukua kifuu mkononi mwake, akakikung'uta, akawageukia wengine.

"Nani mwingine ana kiu?"